Kahawa ya Wazee wa Luai

Ariji mpenzi,

Huku Bethlehemu tu wazima, mama anakusalimu. Mimi, fundi mawe ninayesifiwa mpaka Italia, nashindwa na ukuta huu unaotutenga! Jeshi limeninyima tena kibali cha kuuvuka.

Lakini mshindani wangu Luai ana kitambulisho cha buluu cha wakazi wa Jerusalemu kama chako, huvuka kuja kwenu apendavyo, na masikio yake kama teksi iliyoachwa milango wazi. Ijumaa dadako alinipigia akinong'ona: "Shemeji, wazee wa Luai wamekuja kuposa! Kahawa wameiweka chini, hawainywi mpaka baba akubali." Simu ikakatika.

Ukiolewa nami na kuhamia huku, serikali itakunyang'anya kitambulisho chako, usirudi tena kwenu. Najua. Lakini niambie, habibti, kipenzi changu: waliinywa, au ilipoa?

Yangu iko mezani tangu Ijumaa, sijaigusa.

Wako, kama bado,
Sufiani