Jibu la Swali Uliloniuliza Kuhusu Damu Zetu

Bahati, mume wangu, utamu wa roho yangu,

Leo ni siku ya tisa tangu uende Kashebere kuchukua mafuta ya mawese, na mimi hapa Kingi natembea kama mtu aliye ndotoni na hataki kuamshwa. Miezi miwili ya ndoa, na bado nikikunja shati lako nalikunja polepole ili kazi isiishe. Asubuhi ukungu ukilala juu ya mashamba ya maharagwe, nalitaja jina lako kwa sauti ndogo, kusudi mama yako asinicheke.

Kabla ya kuondoka uliniuliza, ukitabasamu, ningefanyaje kama ile karatasi ya hospitali ya kupima damu yako ingeleta habari mbaya. Nikasema chakula kinaungua, nikakimbilia jikoni. Hakikuwa kinaungua. Nakuandikia ili nikujibu.

Unakumbuka siku niliyokusimulia habari za mdogo wangu Janvier? Tulikuwa tumekaa kilimani, juu ya barabara, tukitazama wachuuzi wakipanda na mizigo. Nilikuambia jinsi alivyokuwa akilia kwamba mifupa inamuuma, nasi tukadhani ni uvivu. Mimi mwenyewe, dada yake, nilimwambia, "Miguu yako iko ya mayai?" Nikamtwika bidoni la maji, akapanda nalo kilima. Kesho yake hakuweza kusimama, na wiki ile tukamzika. Ulinishika mkono. Hapo ndipo nilipokupenda.

Mwaka uliofuata kifo chake, katika somo la biolojia, ndipo nilipoelewa. Mwalimu alisema protini ni mnyororo mrefu wa vipande vidogo, na mnyororo huo hujikunja na kupata umbo lake. Umbo hilo ndilo huipa kazi: moja hukata chakula tumboni, nyingine huvuta misuli, na hemoglobini hubeba hewa ndani ya damu. Kwa watoto kama Janvier, kipande kimoja tu cha mnyororo ule kimebadilishwa na kingine. Hemoglobini ikishaacha hewa yake, hushikamana na nyingine, zikawa kama vijiti, na chembe ya damu iliyokuwa mviringo hupinda kama mundu. Chembe zilizopinda huziba mishipa midogo. Maumivu ya Janvier yalikuwa hayo. Niliinamisha kichwa juu ya dawati, nikalia mpaka kengele ikalia.

Baadaye nilipimwa, nikaambiwa ninabeba nusu ya kosa lile, ingawa mimi siumwi. Ndiyo maana wewe na ndugu zako mlipokuja kwetu kunichumbia, nilimwomba baba asipokee mbuzi kwanza, mpaka na wewe upimwe. Baba yako mdogo alisimama, akasema, "Sisi tumeleta mbuzi, nyinyi munataka damu? Damu yetu iko na kosa gani?" Watu walicheka, lakini yeye hakuwa anacheka.

Wewe ulichukua wavu wa kuwindia mliomletea baba kama zawadi, ukautandaza juu ya magoti ya baba yako mdogo.

"Papa mudogo, kamba iko ileile," ukasema. "Ya wavu inakamata nyama, ya kitunga inabeba muzigo. Kazi inatoka mu namna ya kuifunga. Fundo moja ikikosa, wavu inapinda, nyama inapita. Wanataka kuangalia fundo, si kututukana."

Alipapasa mafundo yale kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Basi wamupime. Na mimi pia." Bahati, nilitamani kukukumbatia mbele ya wazee wote.

Damu yako ikapelekwa Goma. Wiki mbili zile sikula vizuri. Karatasi ilipokuja kuonyesha kwamba wewe hubebi kosa lile, ulicheza kwenye matope ya barabara na viatu vyako vya kanisani, ukaniambia, "Hata ingekuwa vibaya, mimi ningekuoa tu." Nilinyamaza, nawe ukadhani kunyamaza kwangu ni kukubali.

Jibu langu ni hili: ningekukataa.

Kama na wewe ungekuwa unabeba nusu, kila mimba yetu ingekuwa na nafasi moja kati ya nne ya kutupa Janvier mwingine. Nilimwona mdogo wangu akiuma blanketi ili asipige kelele. Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno ya kukuaga, nikayarudia nikipalilia, na kila nilipofika kwenye jina lako nilianza upya. Nilikupenda vilevile kama ninavyokupenda sasa, na bado ningesema hapana. Sitaki uendelee kulala kando yangu ukiamini jambo ambalo si kweli.

Kama jibu hili linakuuma, likuume njiani, kwenye vilima, ambako una nafasi ya kutembea nalo. Uje nalo nyumbani hata ukiwa umenuna. Mimi nitakupokea mzigo mlangoni, nitakuwekea maji ya kuoga, wala sitakuuliza neno mpaka uongee wewe.

Anayekungoja kwa furaha isiyofichika,
Mke wako