Kwa Baba Elias, Fundi wa Jukwaa la Kagura

Mwaka umetimia, Baba Elias, tangu utuache, na leo tunakuletea habari ya kukupumzisha.

Tunakumbuka wema wako. Hakuna Mtanzania aliyefika mtaani kwetu Al Baraha bila kitanda usimchongee kimoja, hata kama kilizidi urefu wa chumba. Tunakumbuka ulivyogonga sakafu kwa kisigino kila ulipoingia, ukisikiliza mbao. Kanisani ni vigae, Baba, lakini uligonga vilevile.

Kazi yako kubwa ilikuwa jukwaa la kagura, ile ngoma takatifu ya mahekalu ya Kishinto, ulilojenga kwa ajili ya maonyesho ya Wajapani hapa Dubai. Nguzo nne, paa, pande zote wazi. Ulitueleza kwamba wachezaji humchezea mungu wao. Sisi watazamaji tunachungulia tu. Mwalimu wao, Bi. Chiyoko, alitaka sakafu isiyo na msumari hata mmoja, maana wanacheza wakiwa na soksi tu.

Kisha, ukiwa hospitalini, ukamwambia Mama: "Nimepigilia mmoja. Arbab, bosi wetu, alikuwa yalla, yalla, ananiharakisha, ubao umegoma kukaa. Utakuja kumchoma mtoto wa watu."

Siku mbili baadaye ukaondoka. Jukwaa lilikuwa limeshafunguliwa vipande vipande na kufungiwa ghalani. Mwaka mzima Mama ameombea nyayo za watu asiowajua.

Wiki iliyopita lilipounganishwa upya, alikwenda na nyundo ndani ya mkoba wa kanisani, akamweleza Bi. Chiyoko ukweli wote. Wakavua viatu, wakapiga magoti, wakapapasa ubao baada ya ubao. Msumari hawakuuona. Wakakuta tundu dogo limezibwa kwa kijiti, kimelainishwa hata kidole hakikisikii.

Jamiru, fundi mwenzako, alikuwa akikaza nguzo.

"Ule? Niliung'oa siku ileile, Mzee alipokwenda kunywa chai. Alivyosonya akiupiga, nikajua hatalala."

"Na hukusema?"

"Mama, nani aliniuliza?"

Baba, huyu Jamiru amekula pilau kwetu kila Ijumaa tangu tukuzike. Mama alimwinulia nyundo, kisha akamkumbatia, nyundo ikiwa bado mkononi. Jamiru hakujitikisa.

Jumamosi binti wa Kijapani alipanda na kengele zake. Alipoufikia ubao ule, familia nzima ilibana pumzi. Akazunguka juu yake mara tatu, taratibu, akapita. Bi. Chiyoko akamwinamia Mama, Mama akamwinamia Bi. Chiyoko, wakaendelea hivyo mpaka mwanao Lawrence akaenda kuwaamua.

Pumzika, Baba. Hakuna aliyeumia, na Mama sasa anakoroma.

Unakumbukwa na mkeo Yuliana, wanao Lawrence na Rosina, mjukuu wako Evans, jirani yetu Prossy, na Jamiru, aliyeahidi kwamba kuanzia sasa atasema hata asipoulizwa.

Hatutakusahau maisha yetu yote.