Bomba la Nyuma ya Zizi

Dodoma, Jumamosi jioni

Kwako Baba Bupe,

Mugonile, mume wangu. Mmeamkaje huko Kinyala? Mgongo wako unasemaje? Na mama je, kifua kimemwachia, au bado anakohoa kila ukungu ukishuka? Bupe na mdogo wake hawajambo? Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio mgonjwa. Kwenye simu nimezoea kukwambia niko salama, kata, salio linaisha, na ungesikia sauti yangu ilivyo sasa ungefunga safari bure. Ndiyo maana nimeandika. Barua anakuletea Bibi Zuhura, yule muuza vitenge wa Ibighi, alikuja huku kumwona mwanawe na kesho alfajiri anarudi.

Unakumbuka nilivyofika hapa nikijidai. Usiku nilikuwa nawasimulia wenzangu kwamba nakosa mlio wa lile bomba letu la nyuma ya zizi, linalomwaga mchana na usiku na hakuna anayelifunga, wakadhani natunga. Nikawaambia Rungwe ukichomeka hata mpini wa jembe unachipua. Basi tukapewa kipande cha barabara mpya tupande, miti pembeni na nyasi katikati, ili mji uwe wa kijani. Mimi nikainulia kila mche tuta, kama kwetu, mizizi isioze. Walinicheka hao! Msimamizi wetu, Dada Rehema, binti mdogo aliyesomea mambo ya bustani, mwenye adabu zake, akaniambia, Mama Bupe, huku hatuyakimbizi maji, tunayategea. Akanionyesha kuchimba kishimo kipana kuzunguka mche na kuinua ukingo kama wa sahani. Wenyewe wanakiita kisahani. Boza, lile gari la maji, likimwaga, maji yanatulia humo mpaka ardhi iyanywe. Nikajifunza hasa. Ukingo naupiga kwa udongo mzito mpaka ufa huuoni, na miti yangu ndiyo iliyoshika kuliko ya wote.

Shida imeanzia kwenye visahani hivyohivyo.

Nyuma ya barabara kuna mtaa ambao mabomba yake yamekauka. Yakitoa leo, yananyamaza wiki. Alfajiri boza letu likishapita, akina mama wanakuja na mabakuli na ndoo, wanachota kwenye visahani. Wanachota vyangu, maana vya wengine vinavuja. Wa kwanza kumkuta alikuwa Mama Ndahani, mjane wa Kigogo anayelea wajukuu. Nikamwamkia, akainamisha kichwa kana kwamba nimemkuta jikoni kwangu anadokoa nyama. Nikapita zangu. Haikuchukua muda miti ya upande ule ikaanza kunyauka. Nyasi za katikati, zinazokunywa kuliko ng'ombe na hata mbuzi haruhusiwi kuzionja, zikabaki kijani. Dada Rehema alishawaambia wakubwa mapema kwamba nyasi zile si za ardhi hii, ipandwe miti ya hukuhuku isiyodai maji mengi. Wakamjibu mchoro umeshapitishwa.

Sasa kuna wageni wanakuja kuifungua barabara, na wakubwa wamemjia juu Dada Rehema kwa miti kunyauka. Juzi akatukusanya akasema kila boza litiwe samadi ya kuku kabla ya kumwaga. Itanuka, watu hawatachota, na miti itapata mbolea. Alisema akiangalia viatu vyake. Jamani, samadi kwenye maji ambayo unajua watu wanayanywa! Kwetu mtoto akikojoa karibu na chemchemi anachapwa na yeyote anayepita, na mama yake anashukuru.

Nikaona angalau nimwonye Mama Ndahani. Nikamweleza yote, kwamba wasichote tena, wajukuu wataharisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, wala hakukasirika.

"Asante kwa kuniambia, mwanangu," akasema. "Basi tutayachuja kwa kanga."

Baba Bupe, nililia njia nzima.

Jana zamu ya boza ilikuwa yangu. Dereva akanishushia gunia la samadi, akaenda kunywa chai. Gunia sikuligusa. Nikafungua mpira wa boza, nikawaita wale mama, nikawajazia ndoo maji safi mpaka boza likabaki nusu. Yaliyobaki nikaipa miti. Nyasi sikuzipa hata tone, na sijutii. Mara Dada Rehema huyo, mpira bado mkononi mwangu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mama Bupe, sasa mimi nitawaambia nini?" Jumatatu tunaitwa wote wawili. Mimi nadhani nitarudi nyumbani. Yeye sijui atakwenda wapi, na hakuna baya alilonitendea. Na lile gunia najua watampa mtu mwingine, ambaye hamjui Mama Ndahani. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Najua utasema, huyu mke wangu Tumpe na kiherehere chake, na yale mabati ya jiko aliyokwenda kuyatafutia pesa je? Sema tu, umeoa mwenyewe. Lakini ungelisikia lile neno la kanga, nawe ungefungua mpira.

Nisalimie mama, mwambie asiache kunywa maji ya tangawizi. Msalimie shemeji yangu wa Masukulu na mkewe aliyejifungua, na mzee wa kanisa aliyeniombea siku naondoka, aniombee tena Jumatatu, amtaje na Dada Rehema. Bupe mwambie mama yake anamkumbuka mno.

Nina ombi moja, usilicheke. Lile bomba la nyuma ya zizi, lifunge. Mama atauliza kwa nini, maji yenyewe ya mlimani hayaishi. Najua hata ukilifunga halifiki huku tone. Lifunge tu, mume wangu. Nikirudi, sitaweza kulala nikilisikia.

Ndaga fijo, asante sana. Ni mimi mkeo,
Tumpe, Mama Bupe