Chai Nusu Kikombe

Jumatatu, 1 Machi 2004. Kitengela
Nimeosha lori. Nimemchekesha Mwende mpaka uji ukaungua. Mke akicheka hivyo, ujue ameolewa vizuri. Halafu akatoa fomu ya daktari. Watoto wetu, Ndinda na Kioko, damu yao ipelekwe Afrika Kusini ipimwe kama wako na ugonjwa wa kaka yangu Mutua. Ule wa kucheza bila ngoma. Ulimuua baba. Hauna dawa. Mwende ameshatia sahihi. Imebaki yangu.
Nikasema niko na haraka.

Alhamisi, 4 Machi
Mimi niliwahi kufikisha lori Lubumbashi na breki moja. Karatasi inanishinda.
Mguu wa Kioko unacheza chini ya meza. Miaka minane, watoto wote huchezesha miguu. Nikaenda kuangalia mtoto wa jirani. Miguu yake imetulia tu.
Mwende: "Wewe unachekesha watu ndio wasikuulize kitu."

Jumapili, 7 Machi. Kajiado, kwa mama
Mutua ameketi nje, mikono inapaa yenyewe, kama anafukuza nzi. Hakuna nzi. Mama akamwekea chai nusu kikombe. Kwetu chai ni nusu, hata kwa mgeni. Nimejisifu nayo mpaka Kongo: adabu ya watu wasio na tamaa. Leo nikamuuliza ilianza lini.
"Niliikuta kwa baba yako. Naye aliikuta kwa babake. Ikijaa, inamwagika."
Nimeogopa. Vikombe viliujua ugonjwa kabla yetu.

Jumatano, 10 Machi
Kioko amejiwekea chai mwenyewe. Nusu. Hakuna aliyemfundisha.
Nimekaa kwa lori, injini imezimwa, nimeshika usukani. Mikono imetulia. Nafikiri imetulia.

Jumamosi, 13 Machi
Jana nilirarua fomu. Mwende akalia, nami nikalia. Mzaha haukuja. Tumekubaliana: itakayopimwa ni damu yangu. Nikiwa sina ugonjwa, watoto hawana. Nikiwa nao, wakikua watachagua wenyewe, kujua au kutojua.
Leo asubuhi nimemwambia Kioko aniletee chai, ijae mpaka juu kabisa. Nikageukia dirisha. Punda milia wamesimama kando ya ua, hata mkia hautingishiki. Nyuma yangu hatua, polepole. Kikombe kikawekwa mezani, kwenye kisahani chake.
Nimekunywa yote. Kisahani sikukiangalia kama kina chai.