Sufuria ya Karani

Mama, leo mwaka umetimia tangu ututoke, na bado wapo wanaofika mlangoni kumuulizia Mama Pasi. Miaka ishirini na sita ulinyoosha mashuka ya hospitali katika kile chumba cha kufulia chenye mvuke, umesimama kutwa, na halikukutoka mkononi shuka lenye mkunjo. Ulirudi na miguu imevimba. Tulipokuuliza, jibu lako lilikuwa lile lile, kwamba ni kusimama tu. Tukaamini.

Hukuwa mtu wa maneno mengi. Nguo ya jirani iliyofumuka ulijua kabla hajakuambia, na kopo lako la vifungo lilihudumia mtaa mzima.

Halafu kuna Karani. Mbwa mwenyewe hazidi mkoba kwa ukubwa, ukampa jina hilo kwa sababu hukaa mlangoni akimkagua kila anayeingia. Meno yalipoanza kumtoka, daktari wa mifugo alisema aendelee na zile punje kavu za dukani, ila achanganyiwe vijiko viwili vya chakula laini cha nyumbani. Wiki hiyo hiyo ukabandika karatasi kwenye mlango wa kabati: wali mweupe, kuku kidogo bila ngozi, kabichi iliyochemshwa na maji yake kumwagwa, ute wa yai. Chumvi, hata chembe, hapana. Chini yake ukaongeza kwa kalamu: kitunguu marufuku.

Tulikucheka, Mama, tena bila huruma. Sufuria ya bluu inayotosha watu watatu, kila siku ya Mungu, kwa mbwa wa vijiko viwili! Baba alikuwa akisema Karani anakula kama kibarua wa mjengo. Ikifika jioni sufuria ni tupu, imeoshwa, imefunikwa. Mezani ulitupakulia sisi, ukasema umeshakula. Hakuna aliyekuuliza umekula nini.

Binti yako mkubwa, mpishi wa kantini, ndiye aliyekerwa zaidi na sufuria hiyo. Alipokuja likizo akaonja, akakunja uso. Yeye hawezi kukiona chakula chapwa akakiacha hivyo. Ulipokwenda kazini akatia chumvi, kijiko kizima, akakoroga. Siku nne mfululizo. Siku ya kwanza ulitoka jikoni ukifuta mdomo, ukamtazama kwa muda.

"Leo Karani amefurahi, mwanangu," ukamwambia.

Basi alivyojisifu siku hiyo, nyumba nzima ilimsikia.

Siku ya tano viatu havikukuingia tena. Wiki ya tatu tukakuzika.

Tulipopanga vitu vyako, tulikuta ndani ya kopo la vifungo kipande cha karatasi kilichokatwa kwa mkasi, kimekunjwa mara nne. Dada akakipeleka kabatini, kikaingiana sawasawa na ukingo wa juu wa ile orodha. Kiliandikwa: Kliniki ya figo, mlo wa mgonjwa. Mstari wa kitunguu peke yake ndio uliokuwa wa mbwa.

Tunajua kwa nini ulificha. Bibi alipougua, Baba aliacha useremala, akalala kwenye kiti kando ya kitanda chake miaka miwili, nawe uliapa hutamrudisha kwenye kiti kile. Tumekuelewa. Lakini tumekasirika pia, Mama, acha tuseme. Ungeimwaga ile sufuria. Ungesema neno moja tu. Uliona heri ule chumvi kuliko kujieleza.

Daktari wa kliniki ametuambia figo zilikuwa zimekwisha zamani, na siku nne hazikubadili kitu. Dada humsikiliza, huitikia, halafu hamwamini. Tangu tukuzike hajapika nyumbani. Kantini anapika, lakini kutia chumvi humwachia mwenzake.

Leo asubuhi ameomba apewe sufuria ya bluu. Amepika akifuata karatasi mstari kwa mstari. Vijiko viwili vimekwenda juu ya punje za Karani, ambaye amebaki mifupa mitupu tangu uondoke. Kilichobaki tumepakuliwa sote. Hakuna aliyeulizia chumvi. Baba amekula akamaliza, akaweka kijiko chini, akamgeukia dada.

"Angetuita tu," amesema. "Tungekula naye."

Hapo ndipo dada alipolia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Unakumbukwa na mumeo, seremala. Na wanao watatu, mpishi, fundi umeme na mwalimu. Na mkweo, wajukuu zako wawili, mdogo wako muuza vitambaa, na wenzako wote wa chumba cha kufulia. Karani naye yuko mlangoni, bado anakagua wanaoingia.

Hutatutoka moyoni, Mama, siku zote za maisha yetu. Na siku hizi, mtu wa nyumba hii akisema ameshakula, tunamuuliza amekula nini.