Mtu Niliyemfufua Macalder

Kigango cha Watakatifu Wote,
Karibu na Macalder, Migori.
11 Aprili 2026

Mpendwa dada Moraa,

Kabla hujauliza niko vipi, keti kwanza. Binamu yako amefufua mtu. Ndiyo, mimi, yule uliyesema hawezi hata kufufua jiko la makaa. Pasaka hii nimeita mtu kutoka ardhini, akatoka. Sasa akina mama wa hapa wakiniona wanatua ndoo kwanza ndipo wanisalimie. Padre mwenyewe hajawahi kutuliwa hata sufuria.

Haya, za Isiolo? Kifua kimepoa, au bado unakohoa vumbi la huko? Vitenge vinanunuliwa? Mimi ni mzima, ila usingizi umenikimbia. Nimekonda kidogo, lakini wasichana wa kwaya wanasema nazidi kupendeza. Hiyo ni dhambi yao, si yangu.

Ulicheka sana nilipoingia seminari na alama zangu zile. Basi Juma Kuu Padre alikuwa na vigango vya kuzungukia hadi Sori, na pikipiki moja inayokohoa kukushinda. Akaniacha hapa na katekista Paul, mzee wa Kijaluo asiyejua kucheka. "Bradha, fanya kila kitu isipokuwa misa," akaniambia. Nikafanya. Nilifagia, nikafundisha nyimbo, nikatafuta mitende, nikaamua ugomvi wa kwaya. Alhamisi nilishika beseni Padre akiosha miguu ya wachimba dhahabu. Dada, miguu ile! Maji yalitoka kama supu ya nyanya.

Sasa Ijumaa Kuu. Njia ya Msalaba huku inapita katikati ya mashimo ya dhahabu, maana huko ndiko waumini wanakoshinda mwaka mzima. Siku hiyo hakuna anayeshuka. Kamba zinakunjwa, mashine zinazimwa. Paul alinionya njiani, "Leo ukisikia anayegonga chini, usiitike. Si mtu huyo. Ni jochiende, wale waliofukiwa zamani wasizikwe." Nikamwuliza kama hao jochiende wana leseni ya kuchimba. Hakucheka.

Mimi ndiye niliyebeba kibao. Nyinyi Wasabato hamkijui: ni cha mbao, tunakigonga badala ya kengele, kwa kuwa kengele hunyamaza tangu Alhamisi jioni mpaka mkesha wa Pasaka. Kila kituo watu wanapiga magoti, nagonga mara tatu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, udongo umelegea, wingu limekaa chini kama kifuniko. Kituo cha Yesu kufa kilikuwa kando ya shimo moja la zamani. Mimi nilipiga goti mbele kabisa, pale ukingoni. Nikagonga mara tatu.

Chini ya goti langu kitu kikagonga. Mara tatu.

Haikuwa sauti hasa. Ilikuwa kama mtu anabisha hodi ndani ya mfupa wangu. Nikageuka. Watu huko nyuma wameinamisha vichwa, hakuna aliyeshtuka. Ng'ombe mmoja tu, aliyefungwa pale karibu, alikuwa ameacha kutafuna, anatazama shimo.

Paul akaja akaninong'oneza, "Bradha, mbona umeganda?"

"Nasali," nikasema. Tukaenda kituo kinachofuata.

Jumamosi asubuhi nilikuwa napanga kuni za moto wa mkesha, akaja mwanamke aliyevaa nguo za kanisani. Ni Nyamoita, Mkisii mwenzetu, Msabato. Mumewe Omosa, mchimba dhahabu, hajarudi tangu Ijumaa. Wachimbaji wenzake wakamwambia atakuwa Sori anauza dhahabu, au ana mwanamke huko. Akanigeukia mimi, akasema kwa lugha yetu, "Jua la Ijumaa halijawahi kumzamia Omosa nje ya nyumba yake."

Dada, nililelewa kwenu Ndhiwa. Najua baba yako Mogire anavyokimbizana na Ijumaa: chakula kipikwe, maji yatekwe, duka lifungwe kabla jua halijazama. Kwa Omosa hiyo haikuwa Ijumaa Kuu. Ilikuwa Ijumaa ya kumaliza kazi. Alishuka asubuhi, peke yake, awahi Sabato, na sisi tukajua hakuna mtu chini.

Nikatupa kuni, nikakimbia moja kwa moja hadi shimo lile. "Chimbeni hapa!" Wakabisha, eti hapo paliachwa kitambo. Paul akawa wa kwanza kushika sepetu. Nikagonga ukingoni kwa jiwe. Kimya. Nikagonga tena. Ikarudi moja, hafifu, kama ukucha kwenye sufuria.

Walimtoa mchana, mweupe kwa vumbi hadi kwenye kope, macho wazi, hapepesi wala halii. Watu wakarudi nyuma. Mama mmoja akapaza "Aleluya," na kabla ya mkesha hairuhusiwi. "Nani alimwonyesha huyu kijana mahali?" wakaulizana. "Roho." Sikuwakatalia. Usiku Padre alinitaja mbele ya watu wote, na Jumapili nililetewa kuku mpaka nikakosa pa kuwafunga.

Msalimie sana shemeji Oyaro, na Edinah mdogo mwambie bradha anamwombea mtihani. Ukipiga simu Ndhiwa, baba Mogire mpe salamu zangu, lakini haya usimwambie.

Kuna jambo moja halikwenda sawa, na nimelikwepa barua nzima. Ile Ijumaa niligonga tena. Watu walipokuwa wakiinuka niligonga mara tano, polepole, kujaribu. Nikajibiwa tano. Nikajua ni mtu. Niliogopa, basi, sina sababu nyingine. Nikaanzisha wimbo, nikaimba kwa nguvu zangu zote mpaka tukafika mbali.

Jumanne nilikwenda kumwona hospitalini. Wamemkata mguu. Daktari anasema angeletwa siku moja mapema ungepona. Omosa alinishika mkono, hakutaka kuuachia.

"Ndugu yangu, Ijumaa kulikuwa na mtu juu aliyenisikia. Aligonga tano, nikamjibu tano. Nikatulia, nikasema ameenda kuita watu. Kisha nikasikia wanaimba. Hebu niulizie, nani alikuwa ameshika kile kibao?"

Nikamwambia nitamwulizia.

Mungu akuwekee mkono wake huko uliko, dada, wewe na nyumba yako yote.

Ni mimi nikupendaye, hata kama baada ya hii hutanijibu,

Onyancha