Kaa wa Muhogo: Kumbukumbu ya Baba Yetu, Stephano Gregori

Ni mwaka mzima sasa, Baba, tangu masika yakuchukue pale kwenye mikoko ya Mtoni, na bado kila Jumamosi asubuhi tunaamka tukidhani tutakusikia unanoa visu.

Ulikuwa mchonga vinyago, lakini watoto wa mtaa hukuwapa mpingo. Uliwapa muhogo. Mtoto hakuruhusiwa kuchonga mdudu wala ndege ambaye hajamtazama akiwa hai, akahesabu miguu yake na kujua anatanguliza upi anapotembea. Wakirudi kutoka mikokoni walikaa barazani kwetu wakachonga, Mama akabandika sufuria, na vinyago vyote vikaliwa kwa chumvi na pilipili.

Mauwa wa jirani alipenda kuwahi kumaliza. "Babu, kaa wangu tayari!"

"Ulimwona anatembea?"

"Nilimwona kasimama."

"Basi huyo mpeleke jikoni. Kesho nenda kamtazame tena."

Ulikuwa mbishi, Baba. Hakuna mtoto aliyekanyaga tope kabla yako. Ulitangulia peke yako na fimbo, ukapima pa kupita, ndipo ukarudi kuwachukua. Siku ile mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mama alikwambia, "Leo acha." Ukamjibu, "Naenda kupima tu." Kumbe maji yalikuwa yameshaula ukingo kwa chini, ukabomoka nawe. Watoto walikungoja na mihogo yao mikononi mpaka jua likawa kali, na aliyekuja alikuwa Khalfani, jirani yetu, ameshika fimbo yako.

Nyumba imekuwa nzito tangu hapo. Mama aliificha fimbo uvunguni na kupiga marufuku mikoko. Wazazi wenzake wakamuunga mkono, na nani angewalaumu? Apolonia, binti yako, aliendelea kuwakusanya watoto barazani, wakawa wanachonga kwa kubahatisha.

Jumamosi iliyopita mdogo wake Mauwa alimaliza kaa wake. Kaa huyo alikuwa na miguu sita tu.

"Huyu ulimwona wapi?" Apolonia akamuuliza.

"Sijawahi kumwona kaa, dada."

Mtoto aliyezaliwa na kukulia Mtoni! Apolonia aliingia ndani akalia, na Mama akalia naye. Walipotulia, Mama aliinama akaitoa fimbo uvunguni. "Utatangulia wewe," alimwambia. "Ila nakufunga kanga kiunoni, na ncha yake naishika mie."

Kwa hiyo Jumamosi hii, baada ya misa ya kukuombea, maji yakishakupwa, Apolonia atapima njia na Mama atakuwa nyuma yake. Watoto watangoja barazani kama walivyokungoja wewe. Tunaogopa, Baba, hatukufichi. Muhogo umeshanunuliwa.

Unakumbukwa na mkeo Anna, wanao Apolonia na Adelard, mdogo wako Augustine aliyeko Newala, jirani yako Khalfani, na watoto wote wa barazani.

Tutakukumbuka siku zote, Baba. Utuombee tusiteleze.